Yangeyange wa Jioni

Siku ile tulikuwa watano: Mama, kitandani wodini; mimi, binti yake wa kwanza; mdogo wangu wa kike; kitinda mimba wetu wa kiume, mwenye miaka sita; na mzee mlinzi wa geti la hospitali. Baba tulikuwa tumeshamzika, nami nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili nimuuguze Mama.

Watoto wadogo hawakuruhusiwa wodini. Kila jioni niliwaacha wadogo zangu nje, chini ya miti mikubwa, wakitazama yangeyange wakirudi kulala. Ndege hao weupe walitoka mashamba ya mpunga ya Chekereni, kwanza watatu wanne, halafu makundi kwa makundi, mpaka matawi yakawa meupe na kelele za kugombania nafasi zikasikika hadi barabarani.

"Mia na sita!" kitinda mimba alimwambia mlinzi.

"Hesabu vizuri, bwana mkubwa. Yule umemhesabu mara mbili, kahama tawi tu."

"Huyo ni mwingine!"

Mlinzi akacheka, kisha akanivuta pembeni. "Binti, leo mwingize huyu mdogo. Dakika tano. Mimi sijaona kitu."

"Asante, mzee. Ngoja kwanza nimweke Mama vizuri."

Nilimkuta amebadilika. Macho yalikuwa yamezama, pumzi inakwama. Nilipompangusa mdomo kitambaa kilitoka na damu.

"Mlete mdogo," akasema.

Niliona mtoto ataibeba sura ile maisha yake yote.

"Kesho, Mama."

Alinitazama. Hakubishana.

Nje giza lilikuwa linaingia na ndege wametulia. Kitinda mimba alikuwa amesimama karibu na mlango, sweta lake la mtumba kalifunga vifungo vyote, hata cha shingoni.

"Mama amelala," nikamwambia.

Alifariki kabla hakujapambazuka.

Niliwalea wote wawili kwa ndizi na maziwa ya kihambani kwetu, shamba la ukoo. Kitinda mimba sasa ana watoto wake. Juzijuzi, tukipalilia kahawa, alisema bila hasira, "Dada, Mama aliondoka hata hakuniulizia." Niliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari.

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la sale kuomba msamaha, naye hawezi kulikataa. Nimelikata mara tatu. Mara zote limekaukia juu ya kabati langu. Jani hilo bado nadaiwa, pamoja na maneno ya kusema nikimkabidhi mdogo wangu.