Drafti Bila Utani

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mteja akiacha nusu andazi, nadhani nimemlisha sumu. Sasa mtu kama mimi nilikuwa natafuta nini kuandaa drafti ya kila Jumamosi pale Kasulu, mwenyewe sijui. Ilikuwa miaka ya tisini, nina mgahawa mdogo karibu na soko, na mchana wa Jumamosi ulikuwa umepooza mno. Nikamwomba seremala anichoree ubao, nikakusanya vizibo vya soda viwe kete, nikatangaza: Jumamosi saa nane, drafti kwangu. Tangu hapo kila Ijumaa usingizi sina. Watakuja? Na wakija wakagombana?

Walikuja, na makelele yao! Kiranja wa kelele alikuwa kinyozi, jirani yangu, mdomo wake hauna breki. Akila kete ya mtu anapiga ubao kwa kiganja: “Lete shingo! Nakuchinja!” Benchi zima linaitikia, “Chinja!” Anayechinjwa naye anatafuta la kujibu, watu wanacheka mpaka chai inamwagika. Ndiyo raha yenyewe ya drafti.

Kulikuwa na baba mmoja mkimbizi kutoka Burundi, wa kambi ya Mtabila. Mkewe alikuwa ananiletea maharage, na ndiye aliyeniomba. “Dada, mume wangu analala tu. Chakula hagusi. Kule kwetu alikuwa hodari wa mchezo huo. Mwite, tafadhali.” Nikamwita. Siku ya kwanza akanywa chai, akatazama. Iliyofuata akaketi, akacheza, akamfunga kinyozi mbele za watu, na kinyozi akapiga mayowe kama kaibiwa. Haukupita muda mrefu mkewe akaja, akanishika mikono yote miwili. “Dada, anakula! Jana kaomba aongezewe ugali.”

Mwenzenu badala ya kufurahi nikaingiwa na hofu. Sasa kula kwake kumekuwa juu yangu! Nikaanza kusikiliza yale makelele kwa sikio jingine. Shingo. Chinja. Mungu wangu, mtu kakimbia mapanga huko kwao, na sisi tunamwimbia kuchinjwa? Ipo siku neno hilo litamwingia vibaya, atainuka aende zake, arudi kulala bila kula. Na litakuwa limetokea barazani kwangu.

Jumamosi moja, kabla hajafika, nikasimama mbele yao na mwiko mkononi. “Sikilizeni. Kuanzia leo sitaki kusikia chinja hapa, wala shingo. Na yule baba msimtanie kabisa. Atakayefungua mdomo, chai yangu haonji.”

Kinyozi akanitazama. “Mama, drafti bila utani? Si bora twende matangani?”

“Nenda basi!” Hakwenda, anaipenda chai yangu.

Yule baba alipotokea, wote wakanyamaza. Wakacheza naye kwa adabu, “samahani, nakula hii,” “haya, asante,” kama watu wa ofisini. Nikajiona nimefanya la maana. Lakini wiki iliyofuata benchi lilipungua watu, na mkewe hakuleta maharage. Nikajiambia labda mvua. Wiki nyingine tena hakuonekana. 

Jumamosi hiyo yule baba alichelewa. Nilitoka barabarani mara ngapi sijui, mpaka kinyozi akaniuliza kama namsubiri mchumba. Mwisho akaja. Akaketi mbele ya kinyozi, akasogeza kete chache, kimya kimetanda, unasikia mkaa unavyolia jikoni. Kisha akaweka mikono magotini.

“Mama, naomba kuuliza. Mmesikia nini juu yangu?”

“Mimi? Hakuna! Tusikie nini?”

“Kule kwetu nilikuwa na jirani,” akasema. “Kila asubuhi tukikutana kisimani ananitania. Masikio yangu, baiskeli yangu, kila kitu. Siku moja akanisalimu vizuri sana, bila utani, akapita. Kesho yake vilevile. Wiki hiyohiyo tulikimbia.” Akaangalia benchi, mtu mmoja mmoja. “Na ninyi mmeacha. Mke wangu ameshafunga mizigo. Niambieni tu, tujue tunakwenda wapi.”

 Kumbe mwanamke haleti maharage kwa sababu anafunga mizigo, na aliyemfungisha ni mimi na mwiko wangu!

“Mtanie!” nikamfokea kinyozi. “Si una mdomo wewe? Mtanie mwenzio!”

Kinyozi, mtu asiyenyamaza hata akinyoa, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Macho yamemjaa maji. Nikamsukuma, nikaketi mahali pake. Drafti yenyewe nilikuwa nimeizoea kwa macho tu. Nikashika kizibo, nikaruka kete ya kwanza niliyoiona, nikapiga ubao: “Lete shingo! Nakuchinja!”

Yule baba akauinamia ubao.

“Mama,” akasema, “hiyo uliyoila ni ya kwako mwenyewe.”

Benchi likaangua kicheko. Kinyozi akalia na kucheka kwa pamoja, anapiga mapaja. Yule baba alitabasamu kidogo tu. Nikamweleza yote, mwiko na amri na woga wangu, na kwamba hakuna mtu aliyesikia lolote juu yake. Alisikiliza huku akirudisha vizibo mahali pake. Wakati wa kuondoka nikamwambia, “Mwambie mkeo afungue mizigo.” Akasema, “Nitamwambia,” basi. Sikujua kama ameniamini.

Wiki nzima sikulala. Jumamosi nikapanga kete mapema, nikatoka barabarani, safari hii na kinyozi akanifuata.  Mara tukawaona kwa mbali wanatokea kwenye kona, mke mbele na kikapu cha maharage kichwani, yeye nyuma. Kabla hatujawasalimu, yule baba akapaza sauti, sokoni wote wakageuka:

“Kinyozi! Leo lete shingo!”