Mji Ulioshona Mashati

Nilikwenda Uingereza kwa sababu ya wivu. Huku Jeppestown, Johannesburg, ninakoshona nguo, kila aliyeniuliza nilimwambia nakwenda kumwona mdogo wangu, na hilo lilikuwa kweli pia. Lakini kwa miaka sita Rehema alikuwa akinitumia picha: jiko jeupe, bustani ya maua, yeye mwenyewe na sare yake ya uuguzi mbele ya mnara wa saa. Sote tumetoka Tanga, na utotoni tulilala kitanda kimoja. Yeye alipata chuo, mimi nikapata cherehani. Aliponikatia tiketi mwaka 2012, nilitaka kuiona nyumba hiyo kwa macho yangu na, Mungu anisamehe, niikute ina kasoro.

Jumanne mchana nilifunika cherehani yangu na kuwaaga wenzangu wanne tunaoshona nao ghorofa ya pili, katika jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda. "Sharp, dada Hawa," mmoja wao aliniaga kwa neno la huku, "usije ukatusahau." Kwenye roboti, ndivyo tunavyoziita huku taa za kuongoza magari, teksi yangu ilisimama katikati ya wauza chaja na machungwa. Niliwatazama kupitia kioo kana kwamba nimeshawapita. Ilikuwa raha ya ajabu, kwa mara moja kuwa mimi ndiye ninayeondoka.

Jumatano asubuhi nilitua London. Rehema alikuwa akinisubiri na koti zito mkononi. Tulisafiri kwa treni kwa muda wa saa moja na nusu, kisha basi. "Treni haifiki kwetu," alinieleza. "Reli waliing'oa kabla hatujazaliwa." Nje mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha juu ya mashamba ya kabichi, na watu waliovaa makoti ya njano walikuwa wameinama wakikata.

Saa saba mchana tulishuka mjini. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa ni mji mdogo na watu wake wanajuana. Una barabara moja kubwa, kanisa la mawe na uwanja wa soko uliotandazwa mawe. Jumatano ndiyo siku ya soko, ila nilihesabu meza tisa tu: jibini, maua, mama mmoja wa Kipolandi na mikate myeusi, mzee mmoja na vyombo vya mitumba. Tulikatiza sokoni, na kila hatua mtu alikuwa akimwita mdogo wangu kwa jina. "Rehema, huyu ndiye dada yako?" Muuza jibini alinikatia kipande nionje. Mimi katika teksi za Johannesburg, ambazo ni kama daladala, nimejifunza kusema Kiswahili kwa sauti ya chini, au kunyamaza kabisa, nisijulikane ni mgeni.

Nyumbani kwake niliikagua nyumba kwa macho, chumba hadi chumba. Bafuni nikaona ukungu mweusi umepanda ukutani hadi darini. Nilifurahi. Nilirudi sebuleni nikanywa chai vikombe viwili.

Alhamisi asubuhi Rehema alikuwa na zamu, kwa hiyo aliniacha kwenye makumbusho ya mji, katika jengo walikouzia nafaka zamani. Alinikabidhi kwa Bi Joan, bibi wa miaka sabini na sita aliyejitolea kupokea wageni pale. Bi Joan alipoambiwa nashona, aliishika mikono yangu akavitazama vidole.

"Mimi nilishona kola," alisema. "Miaka thelathini, kola tu."

Akanitembeza. Mji huu, alisema, uliishi kwa ng'ombe waliouzwa na wanaume na mashati yaliyoshonwa na wanawake. Wasichana waliingia kiwandani wakiwa na miaka kumi na mitano, na kengele ya kiwanda ndiyo iliyoamsha mtaa mzima. Kisha kazi ikapelekwa nchi ambako wanawake hulipwa kidogo, na Ijumaa moja wakaambiwa wasirudi Jumatatu. Mnada wa ng'ombe nao ukafungwa. Sasa ni uwanja wa kuegesha magari. Mahali pa kiwanda pana supamaketi. Vijana wakahamia miji mikubwa, maduka yakafungwa moja baada ya jingine. Halafu wakaja Wapolandi na Wareno kukata kabichi, na akina Rehema kuwauguza wanawake wale wale walioshona mashati, maana sasa ni wazee.

Ukuta mmoja ulikuwa umejaa picha za kiwandani, na chini ya kila picha palikuwa na majina. Hata aliyebandika vifungo aliandikwa. Wivu ukanirudia. Mwaka 2008, wageni walipokuwa wakifukuzwa Johannesburg, kundi la wenyeji lilivunja mlango wa ghorofa yetu likabeba karibu cherehani zote. Tulilala wiki kadhaa kwenye ukumbi wa kanisa. Hakuna ukuta wowote duniani wenye majina yetu.

"Nyinyi mna bahati," nilimwambia Bi Joan, na sikuisema kwa upole. "Hamkumsahau mtu."

Alinipeleka kwenye picha moja pembeni. Wanawake wanne walikuwa wamesimama mbali kidogo na wengine, na chini yao paliandikwa: wafanyakazi wengine.

"Wanawake hawa walitoka Italia baada ya vita," alisema. "Tulikataa kukaa nao meza moja wakati wa chai. Huyu wa mwisho alikuwa na mikono myepesi kuliko mimi, na msimamizi akampa mashine yangu. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu kwamba ananuka."

"Ulimwonea wivu."

"Ndiyo."

"Na mbona hamkuliandika hilo?"

"Kwa sababu mwandishi wa maandishi haya yote ni mimi," alisema Bi Joan.

Nilikaa kwenye benchi. Picha ile ilinikumbusha mtu ambaye kwa miaka minne nilikuwa nikijitahidi kutomkumbuka. Ghorofani kwetu palikuwa na Mrundi mmoja, Mama Divine, aliyekaa dirishani penye mwanga, na wateja walioingia walikwenda kwake kwanza. Baada ya fujo zile nilitangulia kurudi. Niliiweka cherehani yangu dirishani. Aliporudi nilimwambia mwenye jengo amenigawia mimi nafasi hiyo. Mwenye jengo hakuwa amesema lolote. Mama Divine alichukua pasi yake na mkasi, akaondoka.

Jioni, tukitembea kurudi nyumbani, nilimsimulia Rehema yote, na la wivu wangu juu yake pia. Alicheka kidogo.

"Ukungu wa bafuni umeuona?"

"Nimeuona."

"Najua. Ulitoka humo unatabasamu." Kisha akasema taratibu, "Wananijua jina kwa sababu nawaogesha mama zao, dada. Mwaka wa kwanza hakuna aliyeniita. Nilikuwa nalia kwenye basi."

Nilimshika mkono kama tulivyokuwa tukienda shule.

Baada ya wiki mbili nilirudi Johannesburg, na Jumapili iliyofuata nikaenda Soweto. Kumpata Mama Divine hakukuwa kazi, Warundi wa Jeppestown wanajuana. Ana spaza, duka dogo la mtaani, pembeni mwa nyumba aliyopanga. Divine mwenyewe, msichana mkubwa sasa, alinielewa nilipomsalimu kwa Kiswahili, lakini alimwita mama yake kwa Kizulu.

"Mwenye jengo hakunipa ile nafasi," nilimwambia Mama Divine kabla hata sijakaa. "Niliichukua."

"Nilijua," alisema. "Nilimpigia simu siku ile ile."

"Mbona hukuja kudai?"

"Nije tugombane sisi wawili wageni, na wale waliotuvunjia wako chini mlangoni wanatutazama?"

Alimhudumia mteja wa sabuni, akarudi. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Nilimweleza habari za ukuta wa Bi Joan, kisha nikatoa daftari nililoanza kuandikia majina ya wanawake wote walioshona ghorofani kwetu kabla ya 2008. Yeye nilikuwa nimemwandika wa kwanza.

Alisoma akifuatisha kwa kidole. "Bon, sawa. Hapa umeandika Mama Divine."

"Ndiyo."

"Divine ni mtoto wangu. Mimi naitwa Espérance."

Akachukua kalamu iliyokuwa mezani, akafuta, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Nilivuka bahari nikauonea wivu ukuta wenye majina, na mwanamke huyu nilishona naye chumba kimoja miaka mitatu bila kumuuliza jina lake.