Njia ya Wageni

Dominika ile naikumbuka mpaka rangi ya kitambaa nilichovaa, mwanangu. Kilikuwa cha kijani, kipya, mama yangu alikuwa amenipa, na nilijiona mtu mkubwa. Hapa Karuba wasichana waliomaliza sekondari tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa ameolewa Nyamitaba, kwa hiyo Kifaransa chote cha kijiji kilikuwa mikononi mwangu. Barua ikija kutoka biro ya serikali, naitwa. Karatasi ya dawa, naitwa. Na nilipenda kuitwa, sitakudanganya.

Nakuambia haya kwa sababu asubuhi umenionyesha simu yako. Umesema tume imeanza kuchunguza watu wa nje walioingiza mkono katika uchaguzi wetu, na katika kile kikundi chenu vijana wanaandika mambo makali. Nimeona na wewe umeandika. Umeandika, "Wageni watoke." Sikukugombeza pale pale, maana mimi mwenyewe niliwahi kulikosea neno hilo kabla hujazaliwa, tena kanisani, tena kwa sauti.

Sasa kaa, nikueleze. Mwaka ule tulikuwa tunachagua madepite, wabunge wetu. Siku mbili kabla ya kura, redio ikatangaza kwamba biro yetu ya kura imehamishwa, imepelekwa kwenye shule moja ya mbali, upande wa Nyamitaba. Nani angebisha? Redio imesema. Tukaamka alfajiri, tukashika vilima na matope yale unayoyajua. Bibi yangu, Koko Bitondo, magoti yake yalikuwa yamekwisha kukataa safari, lakini alisema kura hii haitampita. Wakambeba kwenye kipoyi, kile kiti cha miti miwili cha kubebea wagonjwa, wanaume wanne mabegani.

Tulipofika tukakuta shule imefungwa. Uwanjani kulikuwa na mbuzi watatu, na hakuna hata mtu mmoja. Biro yetu ilikuwa hapahapa Karuba siku nzima, haikuwa imehama hata hatua moja. Tuliporudi, masanduku yalikuwa yamefungwa na wenye kusimamia wamekwenda zao. Koko alishuka kwenye kipoyi, akatazama kidole chake kisicho na wino, akaingia ndani bila kula. Iliniuma sana. Mpaka leo ikinijia naumia.

Watu wakalalamika, vilima vyote, mpaka tume ikaundwa ichunguze lile tangazo lilitoka wapi. Miezi ikapita. Halafu kominike, taarifa ya tume, ikaletwa, kurasa mbili za Kifaransa, isomwe katika kila kanisa. Padri alipomaliza misa akaniita mbele.

Nikasoma ukurasa wa kwanza huku natafsiri. Ulisema kwamba tangazo lilikuwa la uongo na kwamba lilipelekwa redioni na "etranje". Sikufikiri hata kidogo. Nikasema, "Wageni njo waliharibu kura yetu." Kanisa likanguruma. Nikageuza ukurasa wa pili, nikakutana na maneno magumu ya sheria, nikaona hapa nitakwama na watu watanicheka na kitambaa changu kipya. Nikaikunja ile karatasi, nikasema, "Ni hayo tu." Nilidanganya mbele ya altare, mwanangu, kwa kuogopa kuchekwa.

Na ujue jambo moja. Siku hizo, hapa Karuba, wageni walikuwa na nyumba yao inayojulikana. Kulikuwa na Papa Bulambo, mtu wa msituni, wa Itebero kule Walikale. Alifika na mke wake na dumu la mawese, akaanza kutengeneza redio, akabaki. Watoto wake wamezaliwa hapa. Tulimtania kwamba anaogopa maziwa, naye alitutania kwamba mboga yetu ya sombe ni majani ya kulisha ng'ombe. Tuliishi vizuri. Lakini kwake tulipaita "kwa wageni", na ile njia inayopita kando ya malisho kwenda kwake tuliiita njia ya wageni. Hatukusema kwa ubaya, lilikuwa jina tu. Kwa hiyo niliposema wageni wameharibu kura, kila aliyekuwa kanisani aliona mlango mmoja. Tena mlango wa fundi wa redio.

Nje ya kanisa mjomba wangu, Papa Kamundu, mtoto wa kwanza wa Koko, akapanda juu ya jiwe. Mama yake alikuwa amebebwa bure siku ile, na yeye alikuwa mmoja wa wale wabebaji wanne, kwa hiyo hasira yake ilikuwa ya haki kabisa. "Muko nasikia?" akasema. "Uongo ilipita mu redio. Na nani hapa anashikaka maredio siku zote? Leo atoke, na nyumba tunaivunja." Wanaume wakachukua fimbo zao za kuchungia.

Nitakuambia kitu kinachonitia haya. Kwanza nilifurahi. Niliwaona wazee wenye ndevu wanaondoka mbio kwa neno langu, nikajisikia kama nimekalia kiti cha shefu wa kijiji.

Nilipofika nyumbani, Koko alikuwa mlangoni anachambua maharage. Aliuliza nimesoma nini. Nikamwambia, na nikamwambia wanaume wanakwenda wapi. Akaacha maharage.

"Iyo neno wageni, mu Kifaransa iko namna gani?"

"Etranje, Koko."

"Na muntu mwenye anakuja kwetu, tunamupatia kiti, tunamupikia kuku, Wazungu wanamuitaka nani?"

Nikafikiri. "Envite."

"Basi kwao iko majina mbili," akasema. "Sisi tuko na moja. Tulikutuma ku masomo ju utuambie ni yupi, na weye umetuchanganyia wote mu chungu moja." Akaongeza polepole, "Siku ile ya kipoyi, bega ya Papa Bulambo ilikuwa chini ya muguu wangu wa kuume. Kwenda na kurudi. Hata hakubadilisha na muntu. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Sikuwa nimefikiri, ndiyo shida. Nikaanza kulia, na Koko hakunibembeleza. "Utalia kisha," akasema. "Kimbia. Na usiwaambie karatasi njo ilikosea. Sema ni weye. Sema mbele yao wote, sawa vile ulikosea mbele yao wote."

Nilikimbia nikikatiza malishoni, nikaanguka mara mbili, kitambaa changu cha kijani kikawa cha rangi ya udongo. Nilipofika walikuwa wamekwisha kuingia uani. Fimbo ya mjomba wangu ilikuwa imeangusha redio moja kutoka mezani. Papa Bulambo alikuwa amesimama mlangoni, turnevisi yake ya kufungulia skrubu bado iko mkononi, na nyuma yake mke wake amewashika watoto. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja, watu aliowatengenezea redio, na macho yake sitaki hata kuyakumbuka.

Nikapanda juu ya benchi ya wateja wake. Nikasema, "Nimekosea. Etranje si huyu. Nimetafsiri vibaya. Na kuko ukurasa wa pili, nimeuficha kwa sababu sikuuelewa."

Mtu mmoja akacheka. Ndiyo, kile kicheko nilichokuwa nakiogopa kikaja, nikakisikia, na nikabaki nimesimama. Nikafungua karatasi. Mstari wa kwanza nikapita. Wa pili nikakwama kwenye maneno mawili, "syeje sosyale", nikayarudia, yakakataa kufunguka. Ndipo Papa Bulambo akajipangusa mikono kwenye suruali, akaja.

"Leta, dada," akasema. "Iyo nakutanaka nayo ku makarto ya redio zote. Ni fasi kampuni yenyewe inakaa."

Kumbe yule mtu wa msituni alikuwa amejifunza Kifaransa kwenye makarto, yale maboksi ya redio, na vitabu vyake, akanizidi mimi na diploma yangu. Tukasoma pamoja, yeye anafungua maneno, mimi natafsiri, na watu wenye fimbo wakasogea kusikia. Ilikuwa kampuni ya ng'ambo ya bahari. Haijawahi kukanyaga Karuba. Ilitaka depite atakayetia sahihi ili malisho yetu yawe yake, na ilijua kwamba sisi wa vilima tukipiga kura, huyo hapiti. Ndiyo maana ikatupeleka kwa mbuzi. Halafu tukafika mstari wa mwisho kabisa, ule niliokuwa nimeukunja mfukoni. Tume imeamuru watu wa Karuba na vijiji vya jirani wapige kura upya, katika biro zao wenyewe.

Unaelewa, mwanangu? Habari njema kuliko zote nilikuwa nimeificha. Tungevunja nyumba ya mtu, na kura yetu tungeikosa mara ya pili.

Papa Bulambo akamgeukia mjomba wangu. "Kamundu, tulibeba mama yako pamoja. Ile siku mimi pia nilikosa kura." Mjomba wangu, mtu mkubwa yule, akainama akaokota ile redio, akaipangusa udongo kwa shati lake la dominika, akauliza kwa sauti ndogo, "Itafanya tena?" Papa Bulambo akageuza kifungo, na muziki ukatoka. Nakuambia, wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakaacha kula.

Basi hasira yetu ikapata mlango wake. Tuliandika barua ya kuikataa ile kampuni, kila mtu akatia dole gumba lake, na safari hii niliandika mimi na Papa Bulambo akasahihisha. Siku moja kabla ya kura mpya uvumi ukaja tena, eti biro imehamishwa. Hakuondoka hata mtu mmoja. Mama mmoja alimjibu aliyeuleta kwamba awasalimie wale mbuzi.

Koko alibebwa tena kwenye kipoyi, ingawa safari hii biro haikuwa mbali. Alikataa watu wote mbele isipokuwa wawili, Papa Kamundu na Papa Bulambo. Alipotoka ndani ya biro alikuwa ameinua kidole chake chenye wino juu kabisa, na kijiji kizima kikaimba. Alishinda na kidole kile juma zima bila kukubali kukinawa, ugali anakula kwa mkono wa kushoto. Yule mtu wa kampuni alipata kura chache mno, hata ndugu zake waliona haya. Malisho ni yetu mpaka leo. Maziwa uliyokunywa asubuhi yametoka pale.

Wakati wa kurudi, Koko aliwaamuru wabebaji wapitie kando ya malisho. Walipofika mwanzo wa njia akawasimamisha. "Njia iyi inaitwaka nani?" akauliza, na yeye alikuwa anajua vizuri sana. Akasema, "Ni njia ya Bulambo. Twende."

Wewe unapita Njia ya Bulambo kila siku ukienda masomo, na hukuwahi kujua kwamba ilikuwa na jina lingine. Huo ndio ushindi wetu, mwanangu, na umeukuta tayari, kama ulivyoukuta mtaro wa maji uliochimbwa kabla hujazaliwa.

Kwa hiyo sikukatazi kukasirika. Mtu wa nje akiiba kura yako, kasirika, pigia tume makofi, dai mpaka mwisho. Lakini uchunguzi ukitoka, usome mpaka karatasi iishe, na neno usilolielewa uliza, hata kama aliye jirani yako ananuka waya na mawese. Ukisikia "wageni", uliza kwanza ni wageni gani, kabla watu hawajaanza kutafuta mlango. Na ulichoandika asubuhi, usikifute kimyakimya. Rudi kwenye kikundi kile kile, mbele ya macho yale yale, uandike, "Nimekosea." Watacheka. Wacha wacheke, utabaki umesimama.

Haya, chukua simu yako. Mungu akupe macho ya kufika ukurasa wa pili, kidole chako kisikose wino siku ya haki, na kila kijiji utakachoingia ukiwa mgeni, ukute wamekuwekea kiti.