Msimu Dada Rehema Alipopewa Gari la Bati

Harufu ya msimu ule ilikuwa ya mpira ulioungua. Iliingia nyumbani na ovaroli ya dada yangu Rehema, ikakaa kwenye mapazia, ikapenya hadi kwenye wali wa nazi. Mama alipoianika ovaroli ile kwenye roshani yetu ndogo ya Al Nahda, mtaa wa Dubai unaopakana na Sharjah, pamoja na shuka na sare zake za hotelini, upepo wa upande wa Sharjah uliirudisha harufu yote sebuleni. Tulikaa katika mojawapo ya yale majengo marefu yanayotazamana madirisha, ambamo unamjua jirani kwa anachokaanga kabla hujamjua kwa jina. Baba, mtu wa Tanga, alikuwa karani wa kampuni ya mizigo karibu na uwanja wa ndege. Mama, mzaliwa wa Nakuru, alikaa mapokezi ya hoteli. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Rehema alikuwa ametoka kumaliza shule, na yeye ndiye aliyekuwa fahari ya nyumba.

Fahari hiyo ilitokana na magari. Mwalimu mmoja wa klabu ya mbio alimwona akiendesha vile vigari vya kukodi vya watoto, akamchukua, akamlea, na hatimaye klabu ikampa gari katika mbio zake za vijana. Yalikuwa magari ya wazi, yasiyo na paa wala milango, magurudumu yamejitokeza nje kama miguu ya kaa. Ni mepesi, yanashika breki ghafla, na yana amri moja kuu: usiguse. Gurudumu likigusana na gurudumu, gari hupaa, na aliyemo ndani hajui atatua wapi. Samaki mkunje angali mbichi, na Rehema alikunjwa hivyo tangu mdogo. Aliweza kupita katikati ya magari mawili kwa nafasi ya kiganja, bila kuyagusa, kama mtu apitaye msikitini katikati ya safu za wanaosali. Alichukua ubingwa, na mwaka uliofuata akauchukua tena.

Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi Anko Wasswa, Mganda, msimamizi wa walinzi, aliyepanga chumba pamoja na wenzake. Ijumaa, siku ya mapumziko ambayo hata makanisa ya kule yalifanya ibada, baba akitoka msikitini na yeye akitoka kanisani, walikutana sebuleni kwetu mbele ya televisheni. Anko Wasswa alipenda zile mbio za Marekani za magari ya bati, magari mazito yenye paa na milango, yanayozunguka njia ya duara kama ngamia wa kinu cha mafuta huku yakisukumana kwa bampa. Hapo ndipo ubishi wao ulipozaliwa, nao haukuisha msimu mzima: je, bingwa wa magari ya wazi akipelekwa kwenye magari ya bati, atashinda?

"Dereva ni dereva," baba alikuwa akisema. "Aliyejua kuogelea mtoni ataogelea na baharini."

"Mzee Bakari, sikiliza," Anko Wasswa alimjibu kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Huyu amefundishwa asiguse mtu. Kule kazi ni kugusa. Utamwambia mkono wake usahau namna gani?"

Mama alipita na birika la chai na kusema wote wawili hawajawahi kuendesha chochote zaidi ya toroli la dukani. Ulikuwa ubishi wa kunywea chai tu, mpaka siku ile simu ya Rehema ilipolia.

Aliyepiga alikuwa mfanyabiashara mwenye timu ya magari ya bati yaliyoshindana kila majira ya baridi katika kiwanja cha mbio kule jangwani. Mafundi wake walimwita arbab, yaani bwana mwajiri, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alitaka bingwa wa vijana, msichana, aendeshe gari lake msimu ule. Rehema alikubali kabla yule mtu hajamaliza sentensi. Baadaye, tulipoliona bango kubwa la timu lenye sura yake, nywele zimefunikwa vizuri na kofia ya mbio imebanwa kwapani, mama alisema polepole, "Huyu mtu alitaka picha." Baba alimwambia asiharibu jambo la heri. Mimi nilikasirika kwa niaba ya dada yangu, ingawa sikujua nimkasirikie nani.

Mbio za kwanza tulikwenda wote, pamoja na Anko Wasswa aliyebadilishana zamu. Jua la baridi lilikuwa jepesi, vumbi limesimama hewani, na magari yale yalinguruma kifuani kuliko masikioni. Rehema alianza vizuri. Kwenye kona ya kwanza alifunga breki mapema kidogo, kwa adabu aliyozoea, akamwachia nafasi mwenzake wa pembeni. Gari la kijani lililokuwa nyuma halikuwa na adabu hiyo. Lilimsukuma kwa bampa, gari lake likazunguka na kuishia mchangani, na wote wakampita. Alimaliza mkiani. Aliposhuka hakuvua hata kofia. Alikwenda kwa waamuzi kulalamika. Mmoja wao, mzee wa Kizungu mwenye sauti ya upole, alimwambia kwamba magari haya ndivyo yalivyo, atazoea.

Njiani kurudi Anko Wasswa, aliyekuwa na haki ya kujisifu, alimuuliza Rehema tu kama bega linamuuma. Nyumbani mama alimkanda Rehema bega kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na alama ya mkanda wa kiti ilikuwa imemchora shingoni kama kovu. Hapo ndipo baba alipomuuliza kama anataka kuacha.

"Niache nini, Baba? Hata sijaanza," alijibu.

Kwa wiki kadhaa alikuwa kama mtu anayejifunza kutembea upya, na hilo ndilo lililomkera zaidi, kwa sababu alikwisha kujua kukimbia. Alasiri moja, tukikunja nguo roshani, alinieleza. Gari la wazi, alisema, linakusikia kabla hujaliambia. Hili la bati ni kama mtu mnene anayeinuka kwenye kochi: unamwita, unamsubiri, anaanza upande mmoja, halafu mwingine. Ukimharakisha anakwama. Ndani ni joto kama tanuri, tairi zinachoka kabla ya mbio kwisha, na nyuma yako daima yupo mtu anayekupigia hodi bila kungoja karibu. Alizungumza huku akikunja shati lile lile mara tatu. Sikuwahi kumwona hajui kitu, na kule kutojua kwake kuliniudhi mimi kama kulivyomuudhi yeye.

Lakini alikuwa akijifunza. Katika mbio zilizofuata hakuzungushwa. Katika zile za baada yake alimaliza katikati ya kundi, kisha mbele ya nusu. Dereva wa gari la kijani, mtu mzima aliyezoeana na kila mtu pale kiwanjani, alimgonga karibu kila mara. Mlango wa gari la Rehema ulikunjamana kama bati la debe, na kila mara waamuzi walikuwa wakitazama upande mwingine. Arbab naye aliacha kuja kwenye banda letu. Alisimama mbali na wageni wake, akiongea na simu, na mafundi wakaanza kumjibu Rehema kwa neno moja: inshallah. Breki zinavuta upande. Inshallah. Tairi za mbele zimekwisha. Inshallah.

"Ukifika mji wa chongo, nawe funga jicho lako," Anko Wasswa alimwambia Ijumaa moja, akimimina sukari kwenye chai. "Unaendesha kama umebeba mayai, binti yangu. Wenzako wamebeba mawe."

Rehema aliendelea kukoroga chai yake. Lakini nilimwona akimsikiliza.

Mbio za mwisho za msimu alikuwa wa tatu zikiwa zimebaki kona chache, na gari la kijani lilikuwa mbele yake. Baba alikuwa amesimama juu ya kiti, mama amejifunika uso kwa mtandio akichungulia kwa jicho moja. Rehema alimfuata yule mtu kwenye kona ya kushoto, akasubiri, akasubiri, kama alivyonieleza siku ile, kisha akamgusa. Hakumgonga. Alimgusa kwa bampa, taratibu, mahali ambapo gari zito linaelemea upande, na lile la kijani likateleza nje ya njia na kumwachia nafasi. Alimaliza wa pili. Baba na Anko Wasswa walikumbatiana wakirukaruka mpaka kiti kikavunjika mguu.

Furaha ile haikudumu hata muda wa kumaliza chupa ya maji. Rehema aliitwa kwa waamuzi, baba akamfuata, nami nikamfuata baba. Yule mzee mwenye sauti ya upole alisema amemsukuma mwenzake kwa makusudi, kwa hiyo anapelekwa nafasi ya mwisho.

"Msimu mzima nimegongwa mimi," Rehema alisema. "Alama ziko mlangoni. Mbona yeye hakuadhibiwa hata mara moja?"

"Hizo hatukuziona," mzee alijibu. Halafu akaongeza, kama anayempa zawadi, "Na wewe ni bingwa wa magari ya wazi. Kwako tulitarajia uendeshaji safi."

Baba alimshika Rehema bega, wakageukia mlango. Mnyonge hana haki, na mgeni ni mnyonge maradufu, hata akiwa amezeekea kazini katika mji huo. Nje, arbab alimpa Rehema pole na kumwambia, "Khalas, yamekwisha, umefanya vizuri. Msimu ujao inshallah." Msimu ujao ulipofika, kiti kile kilikaliwa na mpwa wa arbab mwenyewe. Bango lenye sura ya Rehema lilibaki barabarani miezi mingi, likipauka kwa jua, na tulikuwa tukilipita kila tulipokwenda Sharjah kununua samaki.

Lililoniumiza kuliko adhabu ni maneno yaliyofuata. Kule klabu walisema, kwa huruma, kwamba imethibitika: bingwa wa magari ya wazi hawezi magari ya bati. Ijumaa iliyofuata baba alikaa mbele ya televisheni iliyozimwa na kumwambia jirani yake, "Bwana Wasswa, ulishinda."

Anko Wasswa aliweka kikombe chini. "Mimi sikushinda kitu," alisema. "Mtu hapimwi kwa mizani iliyoinamishwa." Hakutaka tena kuzungumzia jambo lile, na tangu siku hiyo zile mbio za Marekani hazikuwashwa sebuleni kwetu.

Leo ninaishi Nairobi, na Rehema bado yuko Dubai, akisimamia madereva wa malori ya kampuni moja ya mizigo. Siku hizi wasichana wana mbio zao, wana wafadhili, wana kamera kila kona ambazo zingeliona gari la kijani hata kama waamuzi wamesinzia. Ninafurahi kwa ajili yao, na furaha yenyewe ina uchungu. Ubishi ule ule wa baba na Anko Wasswa sasa unaendeshwa mitandaoni na watu wasiohesabika. Kila bingwa anayebadilisha gari na kushindwa, wanaandika kwamba aina hii ya dereva haiwezi aina ile ya gari. Hawaulizi alipewa gari gani, wala misimu mingapi, wala nani alikuwa mwamuzi. Nimewahi kuanza kuwajibu, nikafuta.

Mwaka jana nilimtembelea Rehema. Tulikuwa jikoni kwake akikata vitunguu, nami nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza utotoni, kama kweli angeyaweza yale magari ya bati. Alivisogeza pembeni kwa kisu vitunguu alivyokwisha kukata.

"Nilikuwa ndio kwanza naanza kuweza," alisema, kisha akaendelea kukata.