Nilivyopeleka Mgongo Wangu Chepsaita

Jambo hili nimelificha miaka mingi, na hata sasa nikiandika masikio yananichoma, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa Barasa, ambaye akilisimulia anaruka-ruka na kuiga sauti yangu.

Mnanijua. Mimi Eria nilishuka kwenye gari la moshi hapa Sisibo (ndivyo tulivyoiita Eldoret wakati ule) nikitoka Busoga, Uganda, bila viatu, bila ndugu, na masomo ya darasa la pili tu, na baada ya miaka kumi na miwili nilikuwa nyapara wa wapakiaji wote wa ngano pale stesheni, nina nyumba ya mabati na baiskeli yenye taa, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Nilikuwa nabeba magunia mawili kwa safari moja, na Makaburu walisimamisha magari yao ya ng'ombe kunitazama (walau mmoja alisimama, huyo nina hakika).

Basi Jumatano moja mpakiaji fulani akasema nyapara amezeeka. Nikainua mawili. Kitu kikalia ndani ya kiuno kama kuni kavu, mguu wa kushoto ukaingia ganzi mpaka kidoleni, nikabaki nimepinda, natazama viatu vyangu. Dresa wa hospitali, msaidizi wa daktari, akanibonyeza, akasema kile kinacholala katikati ya mifupa ya mgongo kimechomoka mahali pake, nilale juu ya mbao wiki sita. Wiki sita! Na Jumamosi wajomba wa Rabeka wanakuja kunitazama!

Rabeka alikuwa yaya kwa mzungu mmoja hapa mjini, mwanamke wa Kakamega, mpole, na nilimtaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini watu wake walikuwa na wasiwasi: huyu ni mgeni, ukoo wake haujulikani, akianguka kesho nani atamtunza binti yetu? Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nilikuwa nimewapelekea habari kwamba tangu nizaliwe sijaumwa hata kichwa.

Sasa, kwetu mgongo ukiteguka hutafuti dresa, unatafuta mama aliyezaa mapacha akukanyage, maana nyayo zake zina baraka. Lakini ugenini utamjua nani? Barasa, mmoja wa wapakiaji wangu, akaniambia hata kwao wanafanya hivyo, na kuna mama mgeni amefika majuzi kwa jamaa zake kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi, shamba moja upande wa Chepsaita, naye amezaa mapacha. Akanilaza kwenye gari la ng'ombe, na njiani, nikihofu habari zisije zikawafikia wale wajomba, nikafanya uamuzi mdogo.

"Barasa, huko mimi si Eria. Mimi ni Yohana, mpishi, natoka Timboroa."

"Mpishi, nyapara?"

"Mpishi."

Tulifika mchana, jua kali, wanawake wa laini wanapepeta mahindi uwanjani. Yule mama akatoka, na kwa vile nilivyopinda nikaona miguu yake tu. Nikavua shati, nikalala kifudifudi juu ya gunia, akapanda. Nikapiga kelele.

"Mgongo mpana hivi na analia kama mtoto wa mbuzi!" mwanamke mmoja akasema, wenzake wakaangua kicheko.

Mama akawa ananikanyaga polepole, huku anazungumza, kama mtu anayechuma mboga. "Yohana, wewe unatembea-tembea. Unamjua mtu anaitwa Eria, Mganda wa stesheni?" (Mimi ni Msoga, lakini basi.)

"Namjua, Mama."

"Anamtaka Rabeka wangu. Nimetoka Kakamega kimya-kimya nisikie watu wanasema nini juu yake kabla ya Jumamosi."

Ndugu zangu, huyo alikuwa mama yake Rabeka! Kwetu na kwao, mwanaume na mama mkwe wake hawagusani, hawatazamani, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Na mimi hapa, bila shati, nyayo zake mbili ziko kiunoni mwangu! Ilifaa nipige kelele ashuke palepale, lakini kumwambia ashuke ni kumwambia mimi ni nani, na ni kumwambia mgongo umevunjika, na Rabeka ameenda. Nikajibu.

"Huyo Eria ni mtu wa maana, Mama. Ana nguvu sana. Haugui."

Barasa akakohoa.

"Na tabia?"

"Hajui kusema uongo."

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema kwa furaha, akakandamiza kisigino.

Ndipo nikasikia sauti ninayoijua. Rabeka alikuwa amepewa ruhusa siku ile, amemletea mama yake sukari, akasimama karibu na kichwa changu.

"Mama! Shuka! Shuka, huyo ndiye Eria!"

Mama aliruka, na alivyoruka kiuno changu kikalia mara ya pili, akajifunika uso kwa leso, akakimbilia nyumbani kinyumenyume. Mimi nilijaribu kusimama nikashindwa, nikatambaa. Barasa na wanawake wawili wakanibeba mpaka garini kama gunia, shati likabaki, na yule aliyenifananisha na mtoto wa mbuzi akanifuata akiita, "Mpishi wa Timboroa, ugali wako unaungua!" Rabeka hakucheka. Hilo ndilo liliniumiza.

Jumamosi wajomba walinikuta hospitali, juu ya mbao. Mkubwa wao akavua kofia, akasema, "Mambo ya kukanyagwa tutayatakasa, ni kondoo mmoja tu, na wewe hukumjua alipopanda. Ila dada yangu ana swali. Alipokuuliza habari za Eria, ulimjibu ukijua kwamba yeye ndiye mama wa Rabeka?"

Ningeweza kusema sikujua, kwamba kwa maumivu sikusikia alivyomtaja Rabeka. Barasa hakuwepo, hakuna ambaye angenipinga.

"Sifa zote nilizomwambia," nikasema, "nilimwambia nikijua."

Akavaa kofia yake. Jioni ile Rabeka alikuja, akasimama mlangoni, hakuingia. "Ungesema tu unaumwa," akasema. "Ningekuletea uji." Akaenda zake, na mwaka uliofuata akaolewa na mwalimu huko kwao.

Mgongo ulipona kwa zile mbao. Nami niliapa, na kiapo nimekishika: siku hizi hata kidole kikiniuma natangaza stesheni nzima, mpaka wapakiaji wangu wananiomba ninyamaze.