Benchi la Chumba cha Ushauri

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, mama ntilie pale kivukoni Kigongo. Naomba ukurasa huu ulifiche jina langu, maana nikijulikana sitauza hata sahani moja. Nimechoka, ndugu zangu, ndiyo maana naandika.

Mtoto wangu wa kwanza, nimwite Pendo, alifariki kwa malaria akiwa bado ananyonya. Msibani nilipotaka kulia, mama mkwe alinifunika mdomo kwa kiganja. "Nyamaza. Mtoto wa kwanza hatumlilii, utafunga kizazi." Nikanyamaza. Tangu siku ile hakuna aliyeniita tena Mama Pendo. Nilikuwa "wewe dada" na "shemeji" mpaka nilipojifungua Yohana, ndipo nikawa Mama Yohana.

Yohana sasa ana miezi mitano. Namnyonyesha, namwogesha, lakini moyo umekufa ganzi. Akilia nasikia kama ni mtoto wa jirani. Juzijuzi nilimlaza kwenye kanga karibu na maji huku naosha vyombo. Honi ya kivuko ikalia, nikakimbilia wateja. Nilikumbuka nina mtoto pale abiria mmoja aliponiletea, kanga imelowa, akauliza, "Mama, huyu si wako?" Upawa ukanidondoka.

Nesi wa kliniki nilimweleza, akanielekeza hospitalini, chumba cha ushauri nasaha. Sasa benchi la chumba kile liko ukumbini, wazi kabisa, na kila mtu anajua wanaokaa pale ni wenye UKIMWI. Basi. Nilijitanda kanga mpaka puani, lakini mama ntilie mwenzangu wa kivukoni, aliyekuja kung'olewa jino, akanitambua kwa kandambili zangu. Hata hakunisalimia. Kesho yake watu wote wakala kwa jirani. Dereva mmoja wa lori, mteja wangu wa siku zote, aliniambia, "Leo nimeshiba, dada," kisha nikamwona anatafuna sangara wa mwenzangu.

Mume wangu alipunguzwa kazi kiwanda cha pamba kilipouzwa, kwa hiyo sote tunakula kutokana na sufuria zangu. Aliposikia, akasema, "Ungetaka mganga ningekupeleka mwenyewe, mchana kweupe, na watu wangekupa pole. Lakini chumba kile? Ukirudi tena tutakufa njaa." Nilikasirika, ila simlaumu. Wateja kweli wamekimbia.

Nisichoweza kumweleza ni yaliyotokea mle ndani. Dada mshauri hakunipima wala hakunipa dawa. Aliniuliza tu, "Kabla ya Yohana, ulikuwa mama nani?" Nikasema, "Mama Pendo." Nikalia, nikalia, na yeye akaniacha nilie. Jioni ile Yohana alipolia nilijikuta nimeshamnyanyua, nikamnusa kichwa, nikajua huyu ni wangu. Lakini siku zimepita na ganzi imeanza kurudi.

Dada yule amenipangia nirudi mwisho wa mwezi. Nikienda, moto wangu utazimika kabisa pale kivukoni. Nisipoenda, naogopa honi italia tena na hatakuwepo abiria wa kuniletea mwanangu.

Ninyi mnaosoma, niambieni niende au nibaki? Na mkinishauri niende, semeni ukweli: siku mkipita Kigongo, mtakula kwangu?