Bi Karatasi na Chumvi ya Shemeji

Dada yangu hupima mioyo hospitalini. Humlaza mgonjwa, humbandika nyaya kifuani, na mashine huchora kila pigo kwenye karatasi, na vilima vyake. Wagonjwa wa figo wanamwogopa kuliko sindano. Figo zikichoka, potasiamu ya kwenye chakula hubaki damuni, na ikizidi, umeme wa moyo huvurugika: vilima huchongoka, msuli hulegea, mwisho moyo husimama. Basi dada akiona kilima kimechongoka huuliza bila hata kusalimia: ndizi ngapi? Watu wazima na mvi zao hukiri, na kutaja walikozificha. Wamembandika jina la Bi Karatasi, na yeye kichwa kinamvimba.

Nyumbani mgonjwa wake ni mumewe, shemeji yangu, fundi rangi aliyestaafu kazi lakini hajastaafu kula. Figo zake mbovu. Dada alimkataza ndizi, viazi, karanga na machungwa, kisha chumvi, kwa ajili ya presha. Shemeji akanung'unika kwamba chakula kina ladha ya ukuta, na yeye kuta anazijua. Dada akamwonea huruma, akamletea kopo la chumvi ya wenye presha kutoka duka la dawa. Wiki mbili nzima mwanamume alikula huku akiimba.

Jumanne miguu ikamlegea, tukampeleka. Dada alimbandika nyaya mwenyewe. Hata mimi nisiyejua kusoma kitu humo niliona vilima vimechongoka kama meno ya msumeno, tena vimeachana mno. Nikaogopa. Daktari akaagiza kalsiamu ya mshipani upesi, ya kuukinga moyo, na dripu ya kuiondoa potasiamu damuni.

Dada, machozi yakimlengalenga, akaanza mahojiano yake. Ndizi ngapi? Shemeji akaapa kwa jina la mama yake. Viazi je? Akaapa kwa watoto wote wanne. Mimi, Mungu anisamehe, sikumwamini hata chembe. Huyu aliwahi kuficha karanga ndani ya ndoo ya rangi.

Daktari akauliza mgonjwa anatumia chumvi gani. Ile salama, dada akajibu kwa fahari, ameinunua yeye mwenyewe. Nikatumwa kopo, maana nyumbani ni ng'ambo ya barabara tu. Nyuma yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi, imeandikwa: sodiamu imepunguzwa, imewekwa potasiamu; wenye ugonjwa wa figo wasitumie.

Dada alisoma mara mbili. Msomaji wa mioyo ya watu hakuwahi kugeuza kopo la jikoni kwake. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mumewe mkono.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nakuua, na kila siku nakuuliza kama chumvi imekolea."

Shemeji alikuwa amefumba macho, na mashine imeanza kuchora vilima vyenye adabu kidogo.

"Na mimi, Mama Watoto, kila siku nakujibu bado, ongeza."

Dada alilia mbele ya wagonjwa wa wodi nzima, wale wale aliowahi kuwahoji, na mkono hakuuachia.